Re: Bunduki ya .375 iliyotumika, nichukue?

Mkuu umeuliza kama hiyo Brno (bunduki ya Kicheki) inayotumia risasi ya .375 H&H, ya mzee wa Mbezi, inafaa kwa nyati na uiboreshe vipi. Risasi yenyewe usiwe na wasi, ipo toka 1912 na nyati anakaa chini. Ila kabla hujatoa hata mia hakikisha namba ya kwenye chuma inalingana na ya kwenye leseni yake, na kuhamisha umiliki mkamalizie polisi siyo kibarazani kwake. Halafu toa bolti (kile chuma cha nyuma unachovuta kuingiza risasi) umulike mtutu kwa tochi, hapa Dar hewa ya chumvi inakula chuma kimyakimya, ukiona vishimo vya kutu ndani achana nayo hata akushushie bei vipi. Vua na kitako utafute ufa karibu na magazini (pale risasi zinapokaa), hizi zinapiga teke kweli na mbao ndo inaanza kuumia, kama ni nzima fundi wa silaha aweke epoksi (gundi ngumu) pale chuma kinapokaa, na raba mpya nyuma maana bega utalisikia. Darubini kubwa ya nini sasa? Nyati anapigwa karibu, chukua ya kukuza mara 1 hadi 4 unayoweza kukaa nayo mbali kidogo na jicho la sivyo inakupasua nyusi. Triga usichokonoe mwenyewe.