Jibu: Mama amegoma insulini, anasema ni ya nguruwe

Salaam mkuu. Umesema mama kagoma kuchoma insulini, dawa yake ya kisukari, kwa kuambiwa inatoka kwa nguruwe. Zamani kweli ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Tangu 1982 ipo nyingine: jeni ya insulini ya binadamu hupandikizwa kwenye bakteria au hamira, vijidudu hivyo vinaitengeneza ndani ya matangi, kisha inasafishwa. Kwanza soma boksi lake. Ukiona "human" (ya binadamu) au "rDNA" (jeni ya kupandikizwa), ndiyo hiyo. Insulini ya Mixtard, kwa mfano, inatoka kwenye hamira, jamii ile ile ya hamira ya maandazi. Mpe asome mwenyewe. Wangu alilainika hapo, si kwa mahubiri yangu. Dozi siigusi, hiyo ya daktari. Ila asikae bila kuchoma huku mkibishana.