Maswali na Majibu: Nyayo, Vinyesi na Picha za Wanyama Wanaojificha

Nimekuta unyayo mkubwa wa vidole vinne mchangani. Nitajuaje kama ni wa chui au fisi?

Anza na makucha. Chui hutembea ameyaficha, kwa hiyo vidole huacha alama za mviringo tu. Fisi hawezi kuyaficha, na mbele ya kila kidole utaona kidoa cha ukucha butu. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kwenye ardhi ngumu kidoa hicho huenda kisionekane. Inama utazame kitako cha unyayo: cha jamii ya paka kina mabonge matatu kwenye ukingo wa nyuma. Alama hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Duma ndiye anayewachanganya wengi, maana ni jamii ya paka lakini makucha yake hayafichiki yote, hivyo huonekana mchangani. Fuata nyayo kadhaa kabla ya kutamka jina. Za fisi, za mbele ni kubwa kuliko za nyuma kwa tofauti inayoonekana wazi.

Na nitajuaje ni za leo?

Kingo zikiwa kali na chembe za mchanga hazijaporomoka, mnyama hayuko mbali. Ukiona njia ya mdudu imekatiza juu ya unyayo, au vitobo vya matone ya mvua ndani yake, mnyama alipita kabla ya mdudu au mvua hiyo. Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ili kivuli kichore umbo. Simama juu ya unyayo moja kwa moja na uweke rula pembeni.

Kamera yangu ya kutegea inaniletea majani matupu, na mara chache makalio ya mnyama. Shida ni nini?

Ni mahali ulipoifunga. Kamera hizi hufyatuka zinapohisi kitu chenye joto tofauti na mazingira kikisogea mbele yake. Majani yaliyopigwa na jua, yakitikiswa na upepo, huihadaa siku nzima. Fyeka yale machache yaliyo mbele ya lenzi tu, usigeuze pori kuwa uwanja. Usiielekeze mashariki wala magharibi, jua linakochomoza na kutua.

Makalio hutokea kamera inapotazama njia kwa pembe mraba: mnyama hukatiza upesi, na picha ikipigwa ameshapita. Igeuze itazame njia kwa mshazari, kwenye usawa wa bega la mnyama unayemtaka, si wa kifua chako. Na kabla ya yote, chagua njia yenye ushahidi: nyayo mbichi, gome lililokwaruzwa, au choo kinachotumiwa mara kwa mara. Fungo, kwa mfano, hurudi kujisaidia palepale, na utakuta mbegu za matunda na pingili za majongoo.

Kazi hii ina thamani kubwa. Sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga) mwenye uso wa kijivu wa milima ya Udzungwa, Tanzania, alinaswa kwanza na kamera ya kutegea mwaka 2005, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi.

Kinyesi cheupe kama chokaa ni cha nani?

Mara nyingi ni cha fisi. Hutafuna mifupa, na kalsiamu yake hubaki. Kikikauka huwa cheupe.

Nimegundua pango lenye watoto wa fisi. Nijifiche karibu nisubiri?

Hapana. Mama akikushuku anaweza kuwahamisha, na kila safari ya kuhama ni hatari kwao. Ondoka kwa njia uliyojia.

Nimempata kakakuona! Naweza kuiweka picha mtandaoni?

Hongera, wengi hufanya kazi porini miaka mingi bila kumwona. Iweke, lakini ufute kwanza taarifa za mahali ambazo simu na baadhi ya kamera huzihifadhi ndani ya faili. Biashara ya kimataifa ya spishi zote 8 za kakakuona ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 2016, lakini majangili bado wanamsaka kwa ajili ya magamba na nyama. Usitaje kijiji wala mto, na hakikisha hakuna kilima au jengo la kutambulika nyuma yake. Kama lipo, kata picha.