Mkono Uliotoboka

Kwa asiyejua biashara ya dagaa: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, mitumbwi inalala ufukweni, na sisi tunaouza pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, tunakula tulichoweka. Mbalamwezi haivizii mtu. Hata mtoto anaweza kuihesabia siku. Mimi ilinikuta mtupu kila mwezi kwa miaka tisa, mara nyingine sina hata nauli ya daladala ya kunirudisha Igoma.

Sababu nilikuwa nayo tayari. Nikiwa darasa la tatu, shangazi aliyenilea alinituma dukani, nikarudi na chenji pungufu. Akanishika mkono, akageuza kiganja juu, akasema, "Huu umetoboka, kama wa baba yako." Watu wakacheka, nami nikacheka. Tangu hapo hela ikipotea, najua imepitia wapi. Nikiitwa kwenye kikoba nasema niacheni mimi, hela kwangu haikai. Na nilikuwa nalisema kwa kujidai, aibu kukiri, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Maneno ya namna hiyo yanastarehesha, ndiyo maana hayatoki. Ukishasema "ndivyo nilivyo", hutafuti tena.

Aliyenitikisa ni jirani yangu wa kizimba, mama mtu mzima. Siku moja nilipoanza wimbo wangu wa mkono, akaniuliza bila hata kuacha kupepeta dagaa wake: "Sawa mayu, zinadondokea wapi?" Nikakosa jibu. Akaniambia niandike wiki tatu. Nisijinyime wala nisiweke akiba, niandike tu.

Kama utachukua kitu kimoja kwangu, chukua hicho. Mtu anayeamini hawezi kubadilika ukimwambia abadilike kesho, atashindwa keshokutwa na kupata ushahidi mpya. Kuandika hakumdai chochote.

Nilichukua daftari la shule la mwanangu, kalamu nikaifunga kwa uzi. Kurasa zake mpaka leo zinanuka dagaa, na hesabu zake ni za sado, kindoo tunachopimia. "Sado 2, wa Buzuruga, kesho." "Soda 1." "Sado 4, mama wa chipsi, kesho." Wiki ya tatu nikakaa kitandani kujumlisha. Matumizi yangu yalikuwa ya kawaida kabisa. Hela ilikuwa nje, mali kauli, yaani kwa mkopo, kwa watu saba. Neno "kesho" nililihesabu mara kumi na tisa. Mkono ulikuwa mzima. Mdomo ndio ulioshindwa kutamka "leo sikopeshi".

Kutamka neno unaweza kujifunza. Nilianza na yule niliyemwogopa kidogo kuliko wote. Sauti ilitetemeka, yeye akachomoa hela mfukoni pale pale, akaendelea na habari za mvua. Wa pili alinuna na hajarudi. Sidanganyi, alikuwa anachukua mzigo mkubwa.

Mwezi wa pili nikateleza: mtu alikuja na stori ya msiba, nikatoa sado tatu. Jioni nikasema, si mnaona? Mwanangu aliye chuo akanisomea utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, wa mwaka 2009, uliofuatilia watu 96 wakijenga tabia moja moja ndogo. Mtu wa katikati alichukua siku 66 mpaka tabia ikae, lakini kuna waliochukua 18, na wengine walikadiriwa kufika 254. Kuruka siku moja hakukuwarudisha nyuma kwa maana yoyote. Mimi nilikuwa nahesabu kuteleza mara moja kama hukumu.

Wale wanaosema kila kitu kipo kichwani, sijui kama wamewahi kununua gunia bei ikiwa imepanda. Kuna miezi ziwa halitoi, na daftari halivui samaki. Ila sasa najua mwezi upi ni wa ziwa na upi ni wangu.

Juzi shangazi alikuja Mwaloni, akataka sado mbili, atalipa kesho. Moyo ulinienda mbio kuliko siku ile ya kwanza. Nikampimia moja, nikamwambia hii ni zawadi, shikamoo shangazi. Akaitazama, akanitazama. Alipoondoka nikafungua daftari: "Sado 1, shangazi, bure."