Golem ndani ya jeneza ana maana gani?

Ndugu, umeuliza Golem, lile jitu la udongo linalopewa uhai katika ngano za Kiyahudi, anatafuta nini katika riwaya ya Michael Chabon, The Amazing Adventures of Kavalier & Clay (2000), ilhali kisa ni cha watunzi wawili wa katuni New York. Usimng'ang'anizie maana moja. Angalia uzito wa jeneza la Golem. Joe Kavalier, mchoraji kati ya watunzi hao wawili, anapotoroshwa kutoka Prague ndani yake, ni jepesi. Linapomfikia Marekani miaka mingi baadaye, limejaa udongo na ni zito ajabu. Mimi uzito huo nausoma kuwa ni wafu wake, hasa mdogo wake Thomas. Kisha rudi pale Joe anapoambiwa achore shujaa: anachora Golem! Escapist, shujaa wa katuni yao, hufungulia watu minyororo; mchoraji mwenyewe bado kafungwa. (Ule ufunguo wa dhahabu, nembo ya Escapist, kwangu ni ishara iliyo wazi mno.)