Kamba ya mafundo: maswali ya wazazi kuhusu Fort Jesus, Gede na Kengeleni

Mwanangu ana miaka mitano. Nikimwambia Fort Jesus, ngome ya Wareno pale Mombasa, ilianza kujengwa mwaka 1593, ananiuliza kama bibi yake alikuwepo. Nimweleze vipi?

Hapo ameshakuonyesha njia. Umri huo hajui 1593 ni nini, lakini anajua bibi ni mama wa nani. Chukueni kamba nyembamba ya mita nne, mfunge fundo kila sentimita kumi. Fundo la kwanza ni yeye, la pili mama, la tatu bibi, la nne mama yake bibi. Ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, ngome inaangukia fundo la 18 hivi. Gereza lililokuwa humo tangu 1895 lilifungwa 1958, kati ya fundo la tatu na la nne, kwa hiyo huenda nyumbani kwenu yuko anayelikumbuka. Muulizeni kabla ya safari. Kamba nene haifai: mafundo hula urefu, ikaisha kabla hamjafika.

Tulikwenda Fort Jesus saa sita mchana, akaanza kulia hata nusu saa haijafika. Tulikosea wapi?

Mlikosea saa. Ua wa katikati uko wazi, jua linarudi usoni kutoka kwenye mawe, na mizinga inachoma mkono. Nendeni asubuhi milango inapofunguliwa, mtoke baada ya muda wa saa moja hata kama hamjamaliza.

Msisome kila kibao. Mpe kitu kimoja cha kutafuta: vyombo vya Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira. Wapiga mbizi walianza kuifukua 1977. Mtoto akishajua kwamba kuna meli chini ya maji yale, sahani iliyovunjika inakuwa na maana.

Kisha mwache aguse ukuta kwa kiganja na kutafuta alama za matumbawe kwenye jiwe. Kucha na vijiti hapana, kwani chokaa ya zamani humomonyoka. Juu ya kuta, penye nafasi za mizinga, usimwachie mkono.

Gede inafaa kwa mtoto wa miaka minne?

Inafaa sana, pengine kuliko ngome, kwa sababu kuna miti na kivuli. Ni magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi. Nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya taa ya chuma. Mwulize kila mlangoni: nani alikuwa anatumia mkasi huu, na alikata nini? Lipo pia kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hapo mtafika fundo la 26.

Ndizi na mihogo ya kukaanga fungeni ndani ya mkoba. Kima wa pale wamezoea watu, na mtoto anayetembea na chakula mkononi atanyang'anywa, pengine akwaruzwe.

Kiingilio ni kizito kwetu mwezi huu. Na nitaanzaje kumweleza utumwa?

Pandeni matatu hadi Kengeleni, Mombasa. Jina la kituo linatokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watu waliokombolewa utumwani yaliyoanzishwa 1875. Ilipigwa kuwaonya wakazi wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia. Mwambie hivi: "Watu walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwao wakauzwa. Wengine waliokolewa baharini, wakaletwa hapa." Usiongeze minyororo wala mijeledi, na usilainishe ukasema walikuwa wafanyakazi. Akiuliza nani aliwauza, mjibu kweli: watu wa mahali pengi, wakiwemo wa pwani hii. Halafu nyamaza umpe nafasi. Mara nyingi swali linalofuata huja usiku, kitandani, na linataka jibu fupi vilevile.