Ukitaka kumwandikia riwaya Shaaban Robert, anza na ukarani wake

Tangu ijulikane hapa Nairobi kwamba naandika riwaya ya kihistoria juu ya Shaaban Robert, waandishi chipukizi huniuliza waanzie wapi wakitaka kumsimulia mwandishi mashuhuri. Jibu langu huwaudhi kidogo: viweke vitabu vyake kando kwanza, umtafute kazini.

Mtu akiandika hana kisa. Ameketi, kalamu mkononi, basi. Mpe msomaji sura tatu za hivyo uone kama hatasinzia. Lakini Shaaban aliajiriwa karani wa forodha mwaka 1926, akaanzia Pangani (ile ya Tanga, si hii yetu ya Thika Road), na kwenye forodha hakukosekani vituko: manahodha, mizigo, ushuru, wakubwa wa kikoloni. Mwaka 1944 akaingia idara ya wanyamapori, akapelekwa Longido. Hebu fikiria mzaliwa wa Vibambani, mtu wa pwani, amewekwa Umasaini chini ya mlima! Na kwa mtu wa Nairobi, Longido ni karibu kuliko Tanga. Panda matatu ya Namanga, vuka mpaka, utafute gari la kwenda mbele. Mimi nilikwenda, na sura ninayoipenda kuliko zote niliianza huko huko, mavumbi yakiwa bado viatuni.

Jihadhari na Maisha Yangu. Ni tawasifu, lakini ni kazi ya sanaa pia, na mwenyewe amechagua la kusema na la kunyamazia. Utoto wake hausimulii sana. Hapo alipokaa kimya ndipo penye riwaya yako. Kwa sauti yake ya kila siku, nenda kwenye barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi ambalo wengi tunalijua. Usilinukuu. Mwandike mjane yule matanga yakiisha, wageni wametawanyika, watoto wanauliza watakula nini.

Vivyo hivyo kwenye mazungumzo. Hakuna aombaye chai kwa vina na mizani, hata awe malenga wa namna gani.

Kuhusu bei, mavazi na vitu vya nyumbani, magazeti ya miaka ile yatakufaa kuliko vitabu vya historia. Baraza lilianza kuchapishwa hapa hapa Nairobi mwaka 1939. Ukipata nakala za zamani, ruka tahariri, soma matangazo ya biashara.

Halafu usijilazimishe kumfuata hadi kaburini, Juni 1962. Mswada wangu unaishia 1946, anapoondoka Longido kurudi Tanga. Mhariri wangu anataka niufikishe hadi Uhuru wa Tanganyika, mimi sitaki, na bado tunabishana.