Mtoto kazaliwa, mimi nikawa mpangaji kwangu

Mkuu mleta mada, umesema tangu mkeo ajifungue unajiona mgeni kwako, na siku hizi unapitia baa hadi saa nne usiku. Mimi nilikaa hivyo miezi miwili.

Tulikuwa na chumba na sebule, Mbagala, Dar es Salaam. Mama mkwe akaja kumwangalia mzazi. Wao chumbani na mtoto, mimi kwenye kochi, shati la kesho nimelitundika dirishani. Nikitaka soksi, nabisha hodi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 ilimpa baba likizo ya siku tatu tu (mama 84), hivyo siku ya nne niko kazini, watu wananiita Baba Ima na mimi nachelewa kuitika.

Kilichonimaliza ni hili la kubemenda, ile imani kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mtoto ananyonya, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofika. Mama mkwe hakuniambia mimi, angeanzia wapi. Alimwambia binti yake. Basi hata nikimgusa bega anasogea, na hasemi kwa nini. Nikajiambia mtoto kashapatikana, kazi yangu imebaki kuleta pampasi. Baadaye nesi wa kliniki akatuambia tendo la ndoa haliharibu maziwa: mama apone, mtumie uzazi wa mpango, basi. Lakini wiki ngapi zilikuwa zimeshapita tunanuniana kwa jambo ambalo hakuna aliyelitaja!

Na usidhani umerogwa. Sonona baada ya uzazi, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, inawapata na akina baba. Tafiti za nchi mbalimbali zilizojumlishwa 2010 zilikuta kama mmoja kati ya kumi. Kwangu haikuja na machozi, ilikuja na hasira na bia. Ukiona hata usingizi umepotea, nenda hospitali, usione aibu.

Mama mkwe akaondoka. Usiku mmoja mke ana homa, titi limevimba, mtoto analia. Nikamweka begani, nikampigapiga mgongo kama nilivyowaona wao wakifanya. Akacheua, maziwa yote kwenye shati, akalala. Mke kule kitandani: "Kumbe unaweza." Nikapandwa na hasira. Tukagombana saa tisa usiku kwa kunong'ona, mtoto asiamke: mimi "hujawahi kunipa", yeye "hujawahi kuomba". Yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza ya maana tangu atoke leba.

Toka siku hiyo kumcheulisha usiku ni kazi yangu. Sikudanganyi, mengine hayajarudi yalivyokuwa, na kuna siku bado namwonea wivu mtoto. Wewe leo rudi saa moja, umwombe kazi moja iwe yako. Ila shati la kazini vua kwanza.